Kikoba kilipata 12, mimi nikapata 11

Mhariri,

Mwanafunzi mwenzangu, mwalimu wa shule ya msingi mkoani Geita, alipata alama 12 kati ya 15 katika somo la Falsafa ya Elimu kwa kuwasilisha muhtasari wa kikao cha kikoba. Hakukusudia. Alikuwa na mafaili mawili kwenye simu, usiku umekwenda, bando linakata roho, akapakia lile lisilohusika. Waliohudhuria, waliotoa udhuru, kufungua kikao, mwanachama aliyechelewesha marejesho kutozwa faini ya shilingi 2,000, mengineyo, kufunga kikao kwa sala. Kumi na mbili. Mimi niliyekesha siku nne na kurasa 14 juu ya Elimu ya Kujitegemea nilipata 11.

Tulicheka kwenye kundi la WhatsApp mpaka watu wakaanza kutuma picha za katiba za vikoba vyao wakiomba wapewe shahada kabisa. Halafu mmoja akauliza, "Lakini jamani, hivi kazi zetu anasoma nani?" Kundi zima kimya. Hata wale wasiokosa la kusema hawakusema. Swali hilo ndilo linalonileta kwenye ukurasa wako wa barua.

Jina la chuo naomba nilihifadhi, maana bado nina mwaka mzima mbele yao. Ila nisimtwike asiyehusika: si Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho watu hukirukia kila ikitajwa elimu masafa, yaani ya kusoma ukiwa mbali na chuo, kwa sababu kimekuwepo kisheria tangu 1992. Siku hizi vyuo vingine vingi navyo vina programu za masafa na mseto, vya umma na vya binafsi, na mimi nimo katika kimojawapo.

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tatu katika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Daftari langu la mahudhurio lina watoto 97. Nilianza kazi na cheti, nikajiendeleza nikapata stashahada, na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya ualimu kwa njia ya mseto, yaani masomo mengi mtandaoni na mara mbili kwa mwaka tunakutana ana kwa ana Mwanza mjini. Kwenda kukaa chuoni miaka mitatu kungetaka ruhusa ya mwajiri, kungetaka na mtu wa kubaki na wanangu watatu, na baba yao ni mvuvi wa dagaa. Mwezi ukishaingia gizani hatumwoni nyumbani usiku. Kwa hiyo njia yenyewe siilalamikii hata kidogo. Isingekuwepo, ningestaafu na stashahada yangu. Nasema hivi mapema kwa sababu najua kuna wakubwa ambao mtu akikosoa masomo ya masafa wanapata sababu ya kuyafuta.

Wengi mnaotuandika magazetini mnaanza na mtandao, nami nitaugusa, ila nauona ni tatizo la pili. Kwenye nyumba ya walimu mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haya. Unaokaa uko juu ya jabali nyuma ya shule. (Si lile Jiwe Linalocheza ambalo wageni huja kulitazama, letu halichezi wala halina mgeni.) Jabali hilo lina mahali palipobonyea kama kiti. Ukikaa pale, uso ukiwa upande wa Bugolora, ng'ambo katika kisiwa cha Ukerewe, simu inakamata vizuri. Ukigeuka kumfukuza mbuzi, umepotea. Wanafunzi wangu wameshalipa jina, wanaliita ofisi ya madamu, na ukinitafuta jioni utaelekezwa hivyo hivyo bila kucheka: "Madamu yuko ofisini."

Vipindi vya moja kwa moja huwekwa saa nane mchana, katikati ya wiki. Saa nane mimi nina watoto 97. Mwalimu Mkuu wangu ni mwungwana, huwa ananishikia darasa akiwa hana safari ya kwa Afisa Elimu Kata, nami napanda jabali nikiwa na mwavuli wa jua. Dakika kumi za kwanza ni hizi: "Mnanisikia?" "Tunakusikia, dokta." "Mnaona slaidi?" "Hatuoni, dokta." "Na sasa?" Kuna mtu Kahama hafungi maiki yake hata siku moja, tunasikiliza mashine ya kusaga tangu mwanzo wa somo hadi mwisho. Tukishaziona slaidi, zinasomwa. Ukikosa kipindi, rekodi unaikuta kwenye mfumo wa chuo wa mtandaoni, na rekodi moja niliyowahi kuangalia ukubwa wake ilikuwa megabaiti 640. Hiyo ni video ya mtu asiyeonekana akisoma maandishi ambayo tayari tunayo. Naishusha kwa bando la usiku, saa sita na kuendelea, nikiwa juu ya jiwe na kanga mbili, huku karabai za wavuvi zimejipanga ziwani kama mji.

Sasa nimtaje mkufunzi mmoja, bila jina, ambaye alitufundisha Saikolojia ya Mtoto. Yeye hakuwa na video. Kila Jumapili jioni alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nane hivi, mmoja au miwili. Unashuka hata kwenye mtandao wa nyumba ya walimu. Nilimsikiliza nikigeuza dagaa juani, simu nimeichomeka kifuani, na majirani wakawa wanauliza yule baba anayeongelea watoto ni wa redio gani. Mwisho wa ujumbe aliacha swali moja. Tulimjibu kwa sauti zetu, na Jumapili iliyofuata alianza na majibu yetu, anataja na majina: fulani wa Sengerema umesema hivi, lakini huyo mtoto wako asiyeongea darasani umeshamfuatilia akiwa uwanjani? Mimi siku hiyo niliyetajwa nilisimama, dagaa mkononi. Nilikuwa mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, na kwa mara ya kwanza nilijiona nami niko chuoni.

Muhula uliofuata hakupangiwa kutufundisha. Hatukuambiwa kwa nini.

Mhariri, baba yangu mzazi naye ni mwalimu, sasa mstaafu, na alisoma kwa masafa kabla hili neno halijapata ukubwa lilionao. Ni mwalimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote (kwa Kiingereza, Universal Primary Education). Vijana hawajui habari hizi, hivyo nizieleze kidogo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni ndani ya miaka mitatu. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, walimu hawakuwepo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa vipindi vya kufundisha vijijini kwao, na papo hapo ikawasomesha ualimu kwa vitabu vilivyoletwa kwa awamu, kwa vipindi vya redio, na kwa wakufunzi waliowafuata huko huko waliko. Baadaye walikusanywa chuoni wiki chache, wakafanya mtihani. Zaidi ya vijana 30,000 walipata ualimu kwa njia hiyo. Walitaniwa sana. UPE, watu walisema, maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu, na baba amelisikia hilo mpaka siku ya kuagwa kwake. Mseto wenyewe ndio ule: karatasi, sauti, na mtu. Simu tu ndizo hazikuwepo.

Daftari lake la mafunzo analo hadi leo, ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti na hati ya shamba. Likizo ya Desemba nilimwomba anionyeshe. Karatasi zimegeuka rangi ya chai, panya wameonja kona moja. Ukurasa mmoja una andalio la somo la Hisabati, darasa la pili, mada ya sehemu, nusu na robo. Baba kachora duara safi, inaonekana kwa mdomo wa kikombe, akaligawa vipande vinne. Pembeni, kwa wino mwekundu, mkufunzi ameandika: "Mtoto wako hajawahi kula duara. Kata muhogo." Chini yake tarehe na sahihi.

Nilimuuliza baba huyo mkufunzi alikuwa anakuja kila baada ya muda gani. Akasema wiki mbili, ziwa likikubali. Alivuka kwa mtumbwi, baiskeli imelazwa ndani, na akifika alikuwa anaketi nyuma ya darasa kwenye dawati la watoto, magoti yanagusa kidevu. Alikuwa mkali? "Mkali sana," baba akasema, "lakini alikuwa anasoma." Mimi leo, karibu miaka 50 baadaye, nafundisha robo kwa muhogo. Nimerithi andiko la mtu ambaye simjui hata jina.

Nirudi kwenye kazi zangu mimi. Tangu nianze shahada hii nimewasilisha kazi 19. Nimezihesabu kabla ya kuandika barua hii. Kazi 19 zimerudi na tarakimu. Hakuna mstari, hakuna swali, hakuna "hapa umepotoka", hata lile neno "vizuri" la bure ambalo mimi mwenyewe huwaandikia watoto nikiwa nimechoka. Ukituma barua pepe kuuliza, unajibiwa na mashine kwamba ujumbe wako umepokelewa. Ukipiga simu, namba iliyo kwenye tovuti ni ya mhasibu, naye kwa haki yake huwa anapokea. Alama zenyewe ukizitazama kundi zima ni 10, 11, 12, 11, 11, 10. Sisi tuko zaidi ya 200 katika somo moja. Mkufunzi mmoja, watu 200, kurasa 14 kila mmoja: mimi ni mwalimu, hesabu hiyo naijua, na simlaumu yeye kama mtu. Nami nina madaftari 97. Lakini madaftari 97 nayasahihisha, kwa sababu mtoto akikuta daftari halina wino mwekundu siku mbili, siku ya tatu anachora ndege.

Na sisi tumeanza kuchora ndege. Wenzangu wengi sasa hawaandiki kitu, wanaiuliza akili mnemba, inawaandikia kurasa 14 ndani ya dakika moja, wanabandika jina na namba ya usajili, wanatuma. Wanapata 11. Chuo kimetutumia waraka mkali juu ya udanganyifu huo. Sitetei udanganyifu, ila ningependa kujua: mashine imeandika, hakuna aliyesoma, sasa aliyedanganywa hapo ni nani?

Cha ajabu, mfumo huo huo una macho makali sana upande wa pili. Ada tunalipa kwa awamu. Mwaka jana nilipungukiwa shilingi 20,000, sikuwa nimejua. Usiku wa tarehe ya mwisho mfumo ulinifungia nje, asubuhi yake nikapata ujumbe wenye majina yangu yote matatu. Haukuona kikoba, ukaona elfu ishirini.

Kuhusu wiki za ana kwa ana sitasema mengi, nitasimulia ya Desemba tu. Kutoka Ukara unavuka kwa kivuko hadi Bugolora, unapanda bodaboda au gari mpaka Nansio, halafu meli hadi Mwanza, saa tatu au zaidi kutegemea ziwa limeamkaje. Kuvuka kwetu si jambo la mzaha. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na hakuna nyumba huku ambayo haikuzika mtu au haikwenda kwa jirani kuzika. Mpaka leo ninaposafiri siku ya upepo mama yangu haniagi, anaingia ndani tu. Nilivuka. Nililipa gesti shilingi 15,000 kwa usiku, siku kumi. Siku ya kwanza mhadhiri akafika, akaunganisha kompyuta, ukutani zikatokea slaidi zile zile za kwenye mfumo, na akaanza kuzisoma. Mzee mmoja wa darasa letu kutoka Kwimba alinyoosha mkono kwa adabu zote akauliza kama tunaweza, badala ya hizo, kuzungumzia kazi zetu, maana hatujui tulikosea wapi. Akajibiwa kuwa muda hautoshi, mada ni nyingi. Nimevuka maji mawili kuja kusomewa nilichokuwa nimekwisha kukisoma juu ya jiwe.

Halafu Mei 2024. Jumapili ya Mei 12 nyaya za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, mtandao ukazorota nchini kote na kwa majirani zetu; gazeti lako liliandika. Jaribio letu la mtandaoni lilikuwa linafungwa Jumatatu usiku. Nilikaa juu ya jabali tangu saa kumi jioni mpaka kikafika kile kiduara kinachozunguka, kikazunguka, saa sita ikapita. Sifuri. Wa darasa letu tuliopata sifuri tulikuwa wengi tu. Tuliambiwa atakayetaka kurudia jaribio aombe kwa kujaza fomu maalumu, ndani ya saa 48, kwenye mfumo. Mfumo ambao hatukuweza kuufungua, kwa sababu ya mtandao, ambao ndio tuliokuwa tunauombea udhuru. Ndivyo nilivyopata sapu, yaani mtihani wa kurudia, yangu ya kwanza maishani, nikiwa na miaka 41, na binti yangu wa kidato cha pili akaniuliza kwa upole mno, "Mama, ulisoma?"

Ninachoomba, Mhariri, si minara wala kompyuta mpakato za bure, ingawa vikija sitavirudisha. Naomba kila kazi irudi na mistari mitatu ya mtu aliyeisoma. Mistari mitatu. Kama wakufunzi hawatoshi, na ni kweli hawatoshi, kila wilaya ya nchi hii ina walimu wastaafu wenye shahada zao, wenye macho yao na kalamu nyekundu bado mfukoni, wanashinda barazani wakisahihisha Kiswahili cha redio. Wapeni kazi 20 kila mmoja na posho ya kueleweka. Baba angefanya hata bila posho, ila msimwambie nimesema. Na Tume ya Vyuo Vikuu inapokwenda kukagua chuo chenye wanafunzi wa masafa, baada ya kuonyeshwa maabara ya kompyuta na kunywa chai, iombe kuona kazi kumi zilizosahihishwa. Zozote kumi, wachague wenyewe. Wasome wao.

Video nazo zipunguzwe ziwe sauti. Aliyegundua hilo mwenyewe yuko hapo hapo chuoni, wamuulize.

Mwezi uliopita tulikuwa na kazi ya somo la Mbinu za Kufundishia Hisabati. Nikaandika juu ya sehemu, nusu na robo, nikaweka na habari za muhogo. Katikati ya ukurasa wa tisa, kwenye aya ndefu ambayo hata mimi ilinichosha, nikaingiza sentensi hii: "Mwalimu wangu, ukifika hapa naomba uandike pembeni neno muhogo, nijue kuwa tuko pamoja." Nikapanda jabali, nikatuma Jumatano saa saba usiku.

Alama zimetoka juzi. Nimepata 11. Nimeshusha faili, nimelifungua, nimekwenda ukurasa wa tisa, nimekuza maandishi kwa vidole viwili mpaka sentensi yangu ikajaza kioo kizima. Pembeni ni peupe.

Mwalimu wa Darasa la Tatu,
Ukara, Ukerewe.
(Jina kamili na anuani anavyo Mhariri.)